Makumbusho ya Watu Wanaongoja Ndege

Waswahili husema msafiri kafiri. Aliye safarini hana nafasi ya kutazama kando. Akili yake imeshatangulia, iko kwenye chombo kitakachombeba. Mchukue msafiri huyo umweke ndani ya uwanja mkubwa wa ndege wa Marekani. Ametoka kuvua mkanda kwenye ukaguzi, geti lake liko mwisho wa ukumbi mrefu, na kila baada ya hatua chache anainua macho kuutazama ubao wa safari. Katikati ya njia yake mwekee kabati la vioo lenye sare ya mhudumu wa ndege ya mwaka 1965, umwombe asimame aitazame.

Makumbusho ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa San Francisco, yanayofahamika kwa jina la SFO Museum, yamekuwa yakimwomba msafiri jambo hilo tangu mwaka 1980. Hayana mlango mkuu wala dirisha la tiketi. Maonyesho yake yametawanyika katika kumbi zaidi ya ishirini ndani ya majengo ya abiria: kwenye korido, karibu na mageti, kando ya mikanda inayosafirisha watu. Mwaka 2019, kabla ya korona, abiria milioni 57 walipita uwanjani hapo. Makumbusho ya mjini yangeona fahari kupata hata sehemu ndogo ya watu hao, lakini ya mjini yana neema moja ambayo haya hayana: anayeingia humo amekuja kutazama. Huku hakuna aliyekuja kutazama. Wote wanangoja kuondoka.

Nimekichukua kisa hiki nikichambue kwa sababu naamini kina jibu kwa swali ambalo nchi nyingi zinazojenga majengo mapya ya abiria hazijaliuliza vizuri: je, picha na sanamu zinazowekwa uwanjani ni pambo la ukuta, au ni makumbusho? San Francisco waliamua kwamba ni makumbusho, na wakakubali mizigo yote inayofuatana na neno hilo. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya kudumu kwao.

Malishoni hadi kumbi za vioo

Uwanja ulianza tarehe 7 Mei 1927, ukiitwa Mills Field, kwenye ekari 150 za malisho ya ng'ombe zilizokodiwa kando ya ghuba, kusini mwa jiji. Miaka kumi baadaye likajengwa jengo la abiria la mtindo wa Kihispania. Mwaka 1954 likafuata jengo kubwa la kisasa. Mwaka 1978 serikali ya Marekani ililegeza udhibiti wa nauli na njia za ndege, mashirika yakashindana kwa bei, na safari ya angani ikawa jambo la watu wa kawaida. Heri kwa mfuko wa abiria, lakini viwanja vilifurika, na kungoja kukawa sehemu kubwa ya safari yenyewe.

Katika hali hiyo, mwaka 1980, kamisheni inayosimamia uwanja ilishirikiana na Fine Arts Museums of San Francisco, taasisi kubwa ya sanaa ya jiji, kuanzisha maonyesho ndani ya kumbi. Nia yao ilikuwa kuufanya uwanja uwe mahali pa binadamu. Ni nia ambayo ingeweza kuishia kwenye picha tano ukutani na vyungu viwili vya maua. Haikuishia hapo, na tofauti ililetwa na mambo ambayo msafiri hayaoni.

La kwanza ni ithibati. Mwaka 1999 makumbusho haya yalipata ithibati ya chama cha makumbusho cha Marekani, ya kwanza kwa makumbusho yaliyomo uwanjani. Ithibati si cheti cha kutundika. Maana yake ni kwamba kila kitu kinachoingia kimeandikishwa, kina namba, inajulikana kimetoka kwa nani na kitarudi lini. Kwamba wapo watu waliosomea kazi ya kuhifadhi nguo, karatasi, chuma na mbao. Kwamba kuna sera ya nini kikusanywe na nini kikataliwe. Faida yake huonekana kwenye kuazima. Maonyesho mengi ya SFO hutegemea vitu vya kuazima kutoka makumbusho mengine na kwa wakusanyaji binafsi. Mtu mwenye mashine za kuandikia za karne ya 19, au familia yenye vitambaa vya Ufilipino vilivyofumwa kwa nyuzi za mnanasi, itakukabidhije hazina yake uipeleke mahali ambapo maelfu ya watu wanaburuta masanduku usiku na mchana? Kwenye mabasi yetu tumezoea tangazo la "abiria chunga mzigo wako". Hapa mwenye mzigo hayupo, na wa kuuchunga ni makumbusho. Uaminifu huo hujengwa kwa daftari na kwa watu waliofunzwa, hauji kwa hotuba ya ufunguzi.

La pili ni fedha, na hapa wengi huchanganya. Ndani ya uwanja huo kuna sanaa ya namna mbili, yenye mifuko miwili. Mwaka 1969 jiji la San Francisco lilipitisha sheria inayotaka asilimia 2 ya gharama ya ujenzi wa majengo ya umma itengwe kwa ajili ya sanaa. Uwanja ni mali ya jiji, kwa hiyo kila jengo jipya la abiria linaleta kazi mpya za kudumu, na zinasimamiwa na tume ya sanaa ya jiji. Kando yake ndipo yalipo makumbusho, idara ya uwanja wenyewe, ambayo kazi yake ni maonyesho yanayobadilika na ukusanyaji wa historia ya urukaji. Abiria anaona kitu kimoja tu, uwanja wenye sanaa nyingi, lakini nyuma yake kuna sheria ya ujenzi upande mmoja na bajeti ya kila mwaka upande mwingine. Ukichukua sheria bila bajeti, unapata sanamu nzuri siku ya uzinduzi na vumbi miaka kumi baadaye. Ukichukua bajeti bila sheria, mkurugenzi mmoja asiyependa sanaa anatosha kufuta kila kitu. Vyote viwili vinashikana mkono, na kwangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote katika kisa hiki.

Ukumbi wa 1937

Desemba 2000 lilifunguliwa jengo jipya la safari za kimataifa, na ndani yake, upande ambao mtu hahitaji pasi ya kupandia ndege, likawekwa jumba la historia: maktaba na makumbusho ya urukaji yenye jina la Louis A. Turpen, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa uwanja. Hawakujenga chumba cha kisasa. Walijenga ndani ya jengo la vioo na chuma mfano wa ukumbi wa abiria wa mwaka 1937, ule wa jengo la Kihispania ambalo lenyewe halipo tena. Unatoka kwenye dari la juu lenye mwanga mkali, unavuka kizingiti, na umeingia katika chumba ambacho babu wa abiria wa leo angekitambua.

Naupenda uamuzi huo. Wangeweza kuning'iniza ndege nzima darini, kama yafanyavyo makumbusho mengi ya urukaji, na watoto wangeshangilia. Wao walichagua kuhifadhi chumba cha kungojea. Wanasema, kwa mbao na plasta, kwamba historia ya ndege ina marubani na injini, na ina pia mtu aliyekaa kitako na mkoba wake akisubiri kuitwa. Mgeni anayesoma maelezo ya kabati humo anafanya kilekile kilichofanywa na watu wa 1937 katika ukumbi wa asili: anapisha muda.

Mkusanyiko wenyewe una vitu zaidi ya 100,000, na sehemu kubwa ni vile ambavyo watu hutupa. Ratiba za safari. Tiketi. Vibandiko vya mizigo. Vikombe na visu vya mezani vyenye nembo ya shirika. Bahasha zilizogongwa mihuri ya safari za kwanza. Mtu anaweza kuuliza kibandiko cha sanduku kina thamani gani. Jibu hupatikana ukiyaweka makaratasi hayo kando ya tukio.

Tarehe 22 Novemba 1935 ndege ya shirika la Pan American iliyoitwa China Clipper, ya aina ya Martin M-130 inayotua majini, iliondoka Alameda, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, ikiongozwa na nahodha Edwin Musick. Haikubeba abiria. Ilibeba barua zaidi ya 110,000. Daraja la Ghuba lilikuwa bado linajengwa, na ndege ilikuwa nzito kiasi kwamba Musick alilazimika kupita chini ya nyaya zake badala ya kupaa juu. Ikatua Honolulu, Midway, Wake na Guam, ikafika Manila tarehe 29 Novemba, baada ya saa zinazokaribia 60 za kuwa angani. Bahasha moja ya safari kama hiyo, yenye stempu na muhuri wa tarehe, inakueleza jambo ambalo ndege yenyewe haisemi: kwamba njia ya anga ya Pasifiki ililipiwa na posta kabla ya kulipiwa na wasafiri. Abiria wenye tiketi walianza kupanda mwaka uliofuata, na walikuwa matajiri tu.

Tena nusu ya hadithi za urukaji wa Marekani zina mguu katika mji wa San Francisco. Ellen Church alikuwa muuguzi mwenye leseni ya urubani. Mwaka 1930 aliingia ofisi ya Boeing Air Transport jijini San Francisco kutafuta kazi. Ya kurusha ndege asingepewa mwanamke. Akapendekeza wauguzi wawekwe ndani ya ndege, maana watu wanaogopa kuruka na wengine wanatapika. Meneja, Steve Stimpson, akaliafiki, wakaajiriwa wauguzi wanane kwa majaribio ya miezi mitatu. Tarehe 15 Mei 1930 Church alipanda ndege kutoka Oakland kwenda Chicago yenye abiria 14. Ilichukua saa 20 na vituo 13 njiani. Walivaa suti za sufu za kijani zenye joho. Hapo ndipo ilipozaliwa kazi ambayo leo wanaifanya dada zetu na kaka zetu wa mashirika yote duniani.

Sare

Mwaka 2016 makumbusho yalifanya maonyesho ya historia ya sare za wahudumu wa ndege, na sijui mfano bora wa namna ya kumsimamisha msafiri. Kwanza, kila abiria amekutana na mhudumu mwenye sare saa hiyohiyo. Kabati halihitaji kumfundisha alfabeti mpya. Pili, nguo inasomeka kutoka mbali. Anayepita haraka anaona rangi, anayepunguza mwendo anaona mshono, aliyecheleweshewa safari yake kwa saa nne anasoma kila neno. Kitu kimoja kinawahudumia wote watatu. Ningewashauri wote wanaopanga maonyesho ya njiani wachukue kipimo hicho.

Humo ndani ya sare kuna historia nzima. Ile ya kwanza ya wauguzi ilikuwa ya kutia imani, karibu ya kijeshi. Mwaka 1965 shirika la Braniff lilimwita Emilio Pucci wa Italia, naye akabuni mavazi ya tabaka tabaka ambayo mhudumu aliyapunguza kadiri safari ilivyoendelea, pamoja na kofia ya plastiki inayoonekana ndani, ya mviringo kama ya mwanaanga, ya kulinda nywele zisipeperushwe na upepo wa uwanjani. Mashirika yalikatazwa kushindana kwa nauli, kwa hiyo yalishindana kwa mwili na mavazi ya wanawake. Hili lazima lisemwe waziwazi mbele ya kitambaa kizuri. Wale wauguzi wa 1930 walitakiwa wasiwe wameolewa, wawe na umri usiozidi miaka 25 na uzito usiozidi kilo 52 hivi. Kwa miongo iliyofuata aliyeolewa alipoteza kazi. Mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mhudumu wa shirika la ndege Marekani, Ruth Carol Taylor, alipata nafasi Mohawk Airlines mwaka 1958 tu, miaka 28 baada ya Church, na aliipoteza baada ya miezi michache kwa sababu aliolewa.

Sare peke yake haisemi hayo. Imepigwa pasi, imenyooshwa, inang'aa. Ndio ugumu wa kila makumbusho yanayolelewa na biashara inayoelezwa ndani yake: vitu vilivyobaki ni vile vilivyokuwa vizuri vya kutosha mtu avitunze. Barua ya kufukuzwa kazi haitunzwi kama koti la Pucci. Ndiyo maana nawaheshimu kwa kurekodi pia kumbukumbu za mdomo za watu waliofanya kazi angani na uwanjani. Kofia ya plastiki inaonekana tofauti kabisa ukishamsikia aliyeivaa.

Halafu kuna fizikia. Rangi ya nguo huuawa na mwanga. Wahifadhi hupima mwanga kwa luksi, na kwa vitambaa na karatasi kiwango kinachozoeleka ni luksi 50 hivi, giza la jioni. Ukumbi wa kisasa wa abiria wenye kuta za vioo una maelfu mchana. Basi kuonyesha gauni la hariri uwanjani ni kupigana na mbunifu wa jengo: uteuzi wa ukuta, vioo vya kuchuja, taa ndogo, na muda mfupi wa maonyesho. Ongeza kwamba San Francisco ni nchi ya matetemeko. Jengo la kimataifa limekaa juu ya vihimili 267 vinavyoliruhusu liteleze ardhi inapotikisika, lakini chombo cha udongo ndani ya kabati nacho kinahitaji kishikio chake. Kazi hii yote hufanyika ili mtu mwenye dakika sita atazame kitu kisichoonekana kuwa kimelindwa.

Mstari wa ukaguzi

Kasoro kubwa ya kisa hiki haikutokana na makumbusho. Baada ya Septemba 11, 2001, asiye na tiketi hakuruhusiwa tena kupita ukaguzi kwenda kwenye mageti. Zamani mtu alimsindikiza mamake hadi mlango wa ndege, na njiani wangetazama maonyesho pamoja. Tangu siku hiyo mali ya umma wa San Francisco iliyowekwa ndani ya mstari inaonekana na mgeni wa kutoka Tokyo kuliko na mkazi wa mtaa wa karibu asiye na nauli. Jumba la historia liko nje ya mstari, bure, wazi kwa wote, lakini abiria mwenye wasiwasi huwa anakimbilia ndani kwanza, na akishaingia harudi. Matokeo yake historia imebaki upande wa watulivu, na sanaa nyingi upande wa wenye haraka. Lau ningeulizwa, ningetaka zaidi ya ile historia isogee kwenye mageti, mahali watu wanapokaa saa tatu wakitazama simu.

Na uwanja haukai kimya. Unabomoa, unapanua, unahamisha. Sanamu kubwa ya Beniamino Bufano iitwayo Peace ilisimama miaka mingi kwenye lango la uwanja, kisha upanuzi wa miaka ya 1990 ukaiondoa, ikahamishiwa barabara ya Brotherhood Way ndani ya jiji. Mwaka 2020 abiria walishuka hadi milioni 16 hivi. Makumbusho ya watu wanaongoja yanahitaji wanaongoja. Wenzao wa Amsterdam walichukua njia nyingine: Rijksmuseum, makumbusho makuu ya Uholanzi, walifungua tawi lao ndani ya uwanja wa Schiphol mwaka 2002. Ni jambo zuri, ila lile ni tawi la nyumba iliyokwishakuwepo mjini. San Francisco waliifanya njia ya kupita kuwa ndiyo nyumba.

Nikiwaza mkusanyiko wa vibandiko na ratiba, siwezi kuacha kufikiri juu ya shirika la ndege la East African Airways. Lilianza mwaka 1946, likabeba watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na likafa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya. Lilimiliki ndege tano za Super VC10. Moja iliangamia Addis Ababa mwaka 1972. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza, jeshi la anga likazigeuza kuwa ndege za kujazia wenzake mafuta angani. Mojawapo, iliyosajiliwa Tanzania kwa namba 5H-MOG, ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa. Ilitua mara ya mwisho Septemba 2013 Dunsfold, katika mkoa wa Surrey, na inatunzwa na Brooklands Museum. Waingereza wameihifadhi vizuri, nawashukuru. Lakini ratiba za shirika lile, sare zake, sauti za makanika wa Embakasi na wahudumu waliopitia Dar es Salaam na Entebbe, hizo hazihitaji banda la ndege. Zinahitaji kabati, daftari, kinasa sauti, na mtu anayelipwa kila mwezi. Wahudumu wa miaka ya 1960 wana miaka zaidi ya 75 sasa.

Ndege wa mbao

Mwaka 2011 lile jengo la abiria la 1954 lilifunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa. Kwa sheria ya asilimia 2, lilipata kazi mpya za sanaa. Ukitoka tu kwenye ukaguzi unakutana na nyavu za Janet Echelman, Every Beating Second, zilizoning'inizwa chini ya madirisha ya dari, zikichezeshwa na upepo unaopulizwa kwa mpango. Mahali ni pale pale ambapo mtu anafunga tena mkanda, na hilo si bahati: wasanifu walipakusudia pawe mahali pa kurudisha pumzi.

Mbele zaidi, kwenye sehemu ya watoto, pana ukuta wa vipepeo wa Charles Sowers, ambao mtoto anauendesha kwa kuzungusha mpini. Na hapo hapo pana kazi iitwayo Bay Area Bird Encounters. Ni picha za mbao za ndege wa eneo la ghuba, pamoja na mabenchi ya mbao ambayo ni ala za muziki. Unayagonga yanalia kama marimba. Mtengenezaji wake ni Walter Kitundu, mzaliwa wa Marekani aliyeishi Tanzania utotoni. Ni mbunifu wa ala za muziki, mpiga picha wa ndege wa porini, na mwaka 2008 alipewa tuzo ya MacArthur, miongoni mwa tuzo kubwa za wabunifu Marekani.

Kati ya kazi zote za uwanja huo, hii ndiyo inayokaribia zaidi tatizo nililoanza nalo. Haimwombi msafiri asimame. Inampa mahali pa kukaa, jambo alilolihitaji tayari, na kiti chenyewe ndicho kazi ya sanaa. Mtoto aliyechoka hahitaji kusoma maelezo. Mikono yake inajua la kufanya na ubao unaotoa sauti. Mzazi anapata dakika kumi za amani, na katika dakika hizo anagundua kwamba picha zilizo ukutani ni za ndege wanaoishi kwenye ghuba iliyo nje ya kioo, karibu na njia za kurukia.

Kwa Kiingereza ndege wa manyoya na ndege ya chuma hayana jina moja. Kwetu ni neno lile lile, tunayatofautisha kwa "wa" na "ya" tu. Na tundu ni mahali ndege analala. Sijui kama waliompa kazi hiyo waliwahi kuambiwa. Lakini Mswahili anayepita pale, akasoma jina la msanii kwenye kibao kidogo kando ya ndege wa mbao, ndani ya uwanja wa ndege, atakuwa ameusoma ukuta ule mara mbili.